Mjomba, Humu GTA Inaingia?

Swali hilo niliulizwa Lupaso, barazani kwa dada yangu, na mpwa wangu aliye kidato cha pili. Nilikuwa nimembebea kompyuta ya mtumba kutoka Masasi mjini, Dell ya mezani iliyomaliza utumishi wake katika ofisi fulani Ulaya kabla ya kuvuka bahari. Badala ya kupiga Windows kama wafanyavyo mafundi wetu, niliweka mfumo endeshi wa Linux. Nikamwonyesha pa kuandikia, pa kuchorea, kamusi, programu ya hesabu. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza hilo moja tu: mjomba, humu GTA inaingia? Niliposita, akashukuru, akaizima mashine, akaomba jero, akaenda kibanda cha gemu.

Katika koo zetu za Masasi na Newala zinazofuata upande wa mama, mjomba ana deni kwa mpwa wake, na deni la jibu nalo ni deni. Nimelitafuta jibu hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu swali lenyewe ni kubwa kuliko lilivyosikika pale barazani.

Tuanze na kwa nini lina uzito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, yaani za kuanzia mwishoni mwa 2017. Mashine nyingi zinazotufikia kwa makontena ni kongwe kuliko hapo. Ziko katika maabara za shule, katika ofisi za vyama vya msingi vya korosho, katika vibanda vya kuchapia barua, na kwa masharti hayo zimekwisha kuitwa mizigo. Linux inazipokea bila kuuliza umri wao na bila leseni ya kununua. Mwalimu wa kompyuta ataielewa faida hiyo kwa dakika kumi. Kijana haoni faida yoyote, maana hajawahi kuilipia Windows. Aliyoizoea ni ya kukopi, na kwake zote mbili ni bure. Anachokipima ni kama gemu inaingia au haiingii.

Nami siwezi kusema anakosea. Mafundi kadhaa ninaowaheshimu pale Masasi waliielewa kompyuta siku walipotaka gemu fulani ikubali kwenye mashine isiyoiweza. Hapo ndipo walipojifunza kadi ya grafiksi ni nini, kumbukumbu ni nini, faili linakaa wapi na kwa nini. Mfumo endeshi usio na gemu humfikia kijana kama darasa, na ulio na gemu huingia nyumbani kwao.

Lupaso wengi wanaijua kwa ajili ya Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Novemba 1938 na kuzikwa hapo Julai 2020. Hatukumbuki sana kwamba Sera ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA, ya mwaka 2003, ilitoka yeye akiwa Ikulu. Nchi hii ilitoka mbali kufika hapo: mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Kutoka marufuku hadi sera ni miaka 29. Mpwa wangu amezaliwa baada ya yote hayo, na kwake mashine ni kitu cha kawaida kama baiskeli. Anachotaka kujua ni inampeleka wapi.

Sasa tuufungue ufundi wenyewe. Gemu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haichori kitu chochote yenyewe. Inaomba. Nichoree pembetatu elfu kumi hapa, zipake rangi ile, mwanga utoke kushoto. Maombi hayo huyatoa kwa lugha iitwayo Direct3D, sehemu ya mkusanyiko wa DirectX ambao Microsoft iliutoa mwaka 1995. Linux haiielewi lugha hiyo. Yake ilikuwa OpenGL, na tangu Februari 2016 ikaongezeka Vulkan. Basi gemu ya Windows ukiiweka kwenye Linux ni kama filamu ya Kichina mbele ya watazamaji wasiojua Kichina: mkanda mzima upo, hakuna kilichoharibika, ila hakuna aelewaye.

Kwa filamu, sisi tulipata dawa zamani. Wapenzi wa vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu, aliyekaa kando ya filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiswahili palepale inapokwenda. Hakuipiga filamu upya wala hakumwomba mtengenezaji wa Hong Kong ruhusa ya kubadili waigizaji. Aliweka sauti katikati ya mkanda na watu, na watu wakacheka na kulia mahali panapostahili. Dunia ya Linux ilihitaji zaidi ya miaka 20 kukubali kwamba njia ya Lufufu ndiyo njia, na sehemu kubwa ya historia hii ni ya watu walioanza kwa kutaka filamu ipigwe upya.

Haikuonekana ujinga wakati ule. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na mapema kabisa ikapata gemu kubwa ya zama hizo: Doom, ya kampuni ya id Software, ilitoka Desemba 1993, na mwaka uliofuata Dave Taylor wa kampuni hiyohiyo akaihamishia Linux. Desemba 1997 id ikautoa hadharani msimbo chanzo wa Doom, na msimbo uliotolewa ulikuwa ule wa Linux, kwa sababu ule wa DOS ulifungamana na programu ya sauti iliyokuwa mali ya watu wengine. Kwa hiyo kazi aliyoifanya mtu mmoja kwa ajili ya mfumo wa wachache ndiyo iliyoufungua msimbo kwa wote. Leo Doom inachezwa kwenye kila kitu chenye kioo, na asili ya uhuru huo ni faili za Linux.

Mwaka 1998 Scott Draeker akaanzisha Loki Software, kampuni iliyonunua haki za kuzihamishia Linux gemu maarufu na kuziuza madukani. Walifanya kazi safi. Lakini gemu zao zilifika miezi mingi baada ya zile za Windows, na mtu mwenye mifumo miwili kwenye mashine moja alikuwa amekwisha kuinunua ya Windows na kuimaliza. Januari 2002 Loki ikafunga milango. Mali kubwa iliyobaki haikuwa gemu. Ilikuwa SDL, maktaba ya Sam Lantinga, mfanyakazi wao, inayoiwezesha gemu moja kuongea na kioo, sauti na pedi katika mifumo tofauti bila kuandikwa upya. Mpaka sasa SDL imo ndani ya gemu zisizohesabika, na wachezaji wengi hawajawahi kulisikia jina lake.

Baada ya hapo ikaja miaka ya kusubiri. Mwaka 2010, katika mauzo ya kwanza ya Humble Indie Bundle ambapo kila mnunuzi alijipangia bei, watumiaji wa Linux kwa wastani walilipa zaidi kuliko wa Windows. Waliokuwa wakisema watu wa Linux hawanunui walipata jibu lao. Hata hivyo soko lilibaki dogo, na soko dogo halimwamshi mtengenezaji mkubwa.

Aliyeamka alikuwa mwenye duka. Mwaka 2012 Microsoft ilikuwa inaingiza duka lake la programu ndani ya Windows 8, na Gabe Newell wa kampuni ya Valve, wenye duka la gemu la Steam, akaona kwamba siku moja mwenye nyumba anaweza kumfukuza mpangaji. Februari 2013 Steam ikafika rasmi kwenye Linux. Novemba 2015 zikaja Steam Machines, kompyuta za sebuleni zenye Linux, Valve ikitumaini kwamba watengenezaji wataandika gemu zao upya kwa ajili yake. Wengi hawakuandika. Mashine zikakosa wanunuzi, na kosa la Loki likarudiwa na tajiri.

Wakati wote huo mkalimani alikuwepo. Mradi wa Wine ulianza mwaka 1993, kazi ya watu wa kujitolea waliotaka programu za Windows zifanye kazi ndani ya Linux kwa kuyajibu maombi yao moja moja. Kwa miaka 15 haukuwa na toleo la kwanza lililokamilika; lilitoka Juni 2008. Nawastahi sana watu hawa. Walikuwa wakiifasiri lugha ambayo mwenye nayo hakuwapa kamusi, na kila alipoongeza neno wao wakalitafuta upya.

Kilichokosekana katika Wine ni kasi katika gemu mpya, na hilo nalo lilitatuliwa na mchezaji. Mwaka 2017 Philip Rebohle alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux yake na ikawa haichoreki sawasawa. Akaanza kuandika DXVK, programu inayoyachukua maombi ya Direct3D na kuyageuza kuwa ya Vulkan papo hapo. Valve ikamwajiri mwaka uliofuata. Agosti 2018 wakaunganisha Wine, DXVK na vipande vingine wakauita mkusanyiko huo Proton, wakauweka ndani ya Steam: unabofya gemu ya Windows nayo inafunguka, bila wewe kujua mkalimani ameketi wapi. Februari 2022 wakatoa Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi inayotumia Linux, na hapo ndipo watengenezaji wakubwa walipoanza wenyewe kuuliza kama gemu zao zinakubali. Mwishoni mwa 2025 watumiaji wa Linux ndani ya Steam walikuwa wamepita asilimia 3. Ni sehemu ndogo, ila ni sehemu ndogo ya watu wengi mno.

Kwa hiyo mtu wa Berlin au Toronto anayeuliza swali la mpwa wangu anajibiwa kwa neno moja: inaingia. Kasoro zilizobaki ni chache. Picha hukwama kidogo mara ya kwanza gemu inapokutana na kitu kipya, mkalimani akitafuta neno. Na iko kasoro moja nzito, nayo kwa bahati mbaya imekaa juu ya mchezo tunaoupenda kuliko yote.

Gemu za mtandaoni huwekewa mlinzi wa kuzuia udanganyifu, programu inayochungulia kompyuta kuona kama mchezaji anatumia hila. Baadhi ya walinzi hawa hudai kuingia mpaka ndani ya kiini cha mfumo endeshi, na mkalimani hana namna ya kuwafikisha huko, maana kiini cha Linux si cha Windows. Mwaka 2021 walinzi wawili wakubwa, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walifungua njia ya kufanya kazi na Proton, ila uamuzi wa kuitumia njia hiyo uliachwa kwa kila mwenye gemu, na wengine wakakataa. Mwaka 2024 Apex Legends, iliyokuwa ikikubali, ikawafungia mlango watu wa Linux. Na tangu FIFA 23, kampuni ya EA imeweka mlinzi wake yenyewe katika gemu zake za mpira, naye haitambui Linux. Ukienda kibanda chochote cha gemu kati ya Masasi na Newala ukamwambia mwenye kibanda kwamba mfumo huu mpya una kila kitu isipokuwa mpira, atakusindikiza mlangoni kwa upole.

Mpaka hapa nimeeleza yanayoelezwa kila mahali duniani. Safari ya kutoka Proton hadi barazani Lupaso ndiyo inayonishughulisha mimi, na humo njiani mambo yanageuka.

Kwanza mashine. Proton inategemea Vulkan, na Vulkan inategemea kadi ya grafiksi. Kompyuta za mtumba zinazotufikia nyingi hazina kadi ya pekee. Zina ile iliyomo ndani ya prosesa ya Intel. Ya kizazi cha 2 haina Vulkan kabisa. Ya kizazi cha 3 na cha 4 inayo isiyokamilika, na Linux yenyewe hukuonya hivyo unapoendesha programu inayoitumia. DXVK tangu toleo lake la 2, la Novemba 2022, inadai Vulkan 1.3. Yaani ule muujiza wa 2018 unasimama mlangoni pa mashine ya mpwa wangu, ambayo ni ya kizazi cha 3. Ile njia ya zamani, ya Wine kuyageuza maombi kuwa ya OpenGL, bado inafanya kazi humo, na inatosha kwa gemu za zamani. GTA San Andreas ya kompyuta ni ya 2005 na maombi yake ni ya Direct3D 9. Hiyo inaingia. Toleo lake lililosanifiwa upya mwaka 2021 usilijaribu kwenye mashine ya aina hii.

Pili mzigo. Steam ni duka la watu wenye intaneti isiyopimwa. Baldur's Gate 3 hudai nafasi ya GB 150. Kwa bei za bando, kuipakua Lupaso kunakaribia bei ya kompyuta yenyewe ya mtumba, na hapo hujainunua gemu. Kuinunua nako kunataka kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, na bei imeandikwa kwa dola. Kwetu fedha huonekana msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapofunguka, na ikionekana ina foleni yake: ada, bati, dawa ya kupulizia mikorosho mwakani.

Kuna wakati mzigo huu ulitatuliwa kwa njia ninayoitamani mpaka leo. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilikuwa ikituma diski bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Uliandika jina na sanduku la posta, ukasubiri wiki kadhaa, ukaitwa kuchukua bahasha. Mwaka 2011 utaratibu huo ukasimamishwa kwa hoja kwamba intaneti imeenea. Ilikoenea iliwezekana; ambako haikuenea, bahasha ndiyo iliyokuwa intaneti.

Lakini bahasha hatukuikosa kabisa. Tunayo flashi. Jirani na stendi ya kila mji wa kusini kuna fundi mwenye kompyuta iliyojaa, anayekujazia filamu, nyimbo na gemu kwa buku mbili tatu. Ndiye Steam yetu. Anajua kila mteja ana mashine gani, anajua gemu ipi itaganda, na hulipwa kwa shilingi mkononi. Udhaifu wake ni mmoja: karibu kila anachokiuza kinavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na gemu zilizovunjwa kufuli huja na virusi vinavyohama flashi hadi flashi mpaka kompyuta ya mtihani wa shule.

Hapa ndipo ninaposimama mimi, na ndilo jambo ninalotaka mafundi walisikie. Leseni ya programu huria inamruhusu fundi kufanya hichohicho anachokifanya sasa, kwa halali. Anaruhusiwa kuinakili gemu mara elfu, kuibadili, kuiweka kwenye flashi na kuiuza. Leseni ya GPL inaruhusu kutoza ada kwa nakala, ilimradi mnunuzi naye abaki na uhuru uleule na aweze kuupata msimbo. Wachache miongoni mwa mafundi niliozungumza nao walilijua hilo. Wengi walidhani bure maana yake ni marufuku kuuza.

Na mizigo yenyewe inabebeka. SuperTuxKart, mashindano ya magari madogo, haifiki GB 1. The Battle for Wesnoth, gemu ya vita vya zamu iliyoanza 2003, nayo haifiki hapo. OpenTTD ya kujenga reli na barabara ni makumi machache ya MB, na inakubali kwenye mashine ambazo hata Windows 7 ilizichosha. Freeciv ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi watatu wa Aarhus, Denmark, na inaendelea. Luanti, iliyojulikana zamani kama Minetest, ni ya kuchimba na kujenga dunia nzima kwa matofali, na mtoto akichoka kucheza anaweza kuifungua ndani na kuandika vitu vyake. 0 A.D. ni nzito zaidi, ya himaya za kale, ikiwemo Kush ya kando ya mto Nile. Freedoom imechora upya picha na sauti zote za Doom ili asiyekuwa na nakala ya kununua acheze kwa haki. Hata mifumo ya kusambaza imelifikiria hili: Flatpak ina amri maalumu ya kuzinakili programu kwenye flashi ili zihamishiwe kompyuta isiyo na intaneti. Tangu toleo la 1.0 la Aprili 2019, SuperTuxKart inaunganisha kompyuta kadhaa kwa waya wa mtandao wa ndani bila bando hata ya MB 1. Kibanda chenye kompyuta nne kuukuu na kiunganishi cha bei ndogo kinaweza kuendesha mashindano usiku kucha, LUKU ikiwepo.

Sizisifu kupita kiasi. Nyingi zinaonekana za zamani, na kijana aliyeona tangazo la gemu mpya kwenye simu anaiona tofauti kwa jicho moja. Uzuri wa picha ni kazi ya mamia ya wachoraji wanaolipwa, na programu huria imefaulu zaidi katika msimbo kuliko katika picha. Anayewadanganya vijana kwamba SuperTuxKart ni sawa na Need for Speed atapoteza imani yao siku ya kwanza.

Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, aliliandikia suala hili mwaka 2012 Steam ilipokuwa inakuja. Alikiri kwamba gemu za kufungwa zikifika kwenye mfumo huria zinaweza kuwavuta watu waiache Windows, na kwamba hiyo ni faida. Akaonya kwamba zinaweza pia kuwafundisha watu hao kuwa uhuru si kitu. Kwa London hiyo ni mizani ya kupimwa. Kwa Lupaso naona imekwisha kuelemea upande mmoja, kwa sababu za kawaida kabisa: gemu ya kufungwa inataka kadi, bando na prosesa mpya, nayo huria haitaki hata kimoja. Pale ambapo Ulaya mtu huchagua uhuru kwa itikadi, sisi tunaweza kuufikia kwa sababu ndio unaotosha kwenye flashi.

Limebaki jambo la lugha, na hapa tuna historia ya kujivunia iliyokatika katikati. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya programu huria kwa Kiswahili. Watu wakaketi wakaamua neno kwa neno jinsi ya kusema haya mambo katika lugha yetu. Kazi ile ilielekezwa kwenye barua na mahesabu, kwa mtu mzima wa ofisini, na huko ikakutana na mazoea: mtu mzima amekwisha kujifunza kwa Kiingereza na hataki kubadili. Nafikiri mlango ungekuwa mpana zaidi upande wa watoto.

Ushahidi wa hilo upo nchini mwetu, Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto wapatao 2,700 wa vijiji vya mkoa ule vishikwambi vyenye programu za kujifunza kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua, bila mwalimu. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili walipoanza. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion waligawana zawadi ya dola milioni 10, na sharti la shindano likawa programu za timu zote tano za fainali zitolewe kama msimbo huria. Ukizitazama programu hizo utaona ni gemu: nyota za kukusanya, wanyama wa kulisha, ngazi za kupanda. Kwa hiyo gemu huria za Kiswahili, zilizopimwa na watoto wa Kitanzania, zipo na ni mali ya yeyote. Ziliandikwa kwa Android, lakini Android nayo imesimama juu ya kiini cha Linux, na tangu 2021 mradi wa Waydroid huiendesha Android ndani ya Linux ya mezani. Kuzihamishia kwenye Dell za maabara za shule zetu si kazi ya usiku mmoja, ila ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kuanza upya. Ningetamani kuona chuo kimoja tu cha kusini kikiwapa wanafunzi wake kazi hiyo kama mradi wa mwaka wa mwisho.

Na ningetamani gemu ya Bao. Mashimo 32, kete 64, ishirini na mbili za kila mchezaji zikianza mkononi, nyumba yenye sheria zake, namua kisha mtaji. Kwa prosesa ni mzigo mwepesi kuliko kufungua barua. Kwa akili ni mzito kiasi kwamba Alex de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, aliketi na mafundi wa Bao wa Zanzibar akaandika tasnifu nzima juu ya jinsi wanavyofikiri. Injini ya kutengenezea gemu kama hiyo ipo bure: Godot, ya Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, iliyofunguliwa kwa wote mwaka 2014, nayo hutoa gemu moja kwa Linux, Windows na Android kwa pamoja.

Nilirudi Lupaso korosho zilipokuwa zinaanuliwa. Nilimjibu mpwa wangu swali lake: San Andreas inaingia, kwa Wine, na nikamwambia pia kwamba nakala aliyopewa na rafiki yake kwenye flashi si halali, na kwa nini. Akanitazama akiwaza. Kisha tukaibeba mashine yake na ya jirani mpaka kibandani, tukaziunganisha kwa waya, tukawasha SuperTuxKart. Vijana walipokezana mpaka umeme ukapungua. Mwenye kibanda aliuliza bei. Nikamwambia hailipiwi, na kwamba yeye anaruhusiwa kutoza. Akarudia swali mara mbili ili awe na hakika. Ndipo akauliza lile nililokuwa nikilisubiri: na ya mpira?

Nikamweleza kwamba ipo moja, Gameplay Football, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Mholanzi mmoja, Bastiaan Konings Schuiling. Watafiti wa Google waliichukua mwaka 2019 kufundishia akili bandia kucheza mpira. Ni ngumu kidogo, wachezaji wake hawana majina ya kweli, na hakuna Simba wala Yanga humo, wala Ndanda FC yetu iliyowahi kucheza ligi kuu. Lakini msimbo uko wazi, na jezi ni picha tu.

Mpwa wangu akauliza picha hizo zinachorwa kwa programu gani. Nikamfungulia ile ya kuchorea niliyomwonyesha siku ya kwanza.